Polima ya kusafishia maji: tuipike Mbeya au tuendelee kuinunua?

Kila masika yakishika, jamaa yangu mmoja aliye fundi wa mitambo ya maji Iringa hunirudia na swali lile lile. Mto Ruaha Mdogo umeshageuka rangi ya chai ya maziwa, shabu peke yake inachelewa kutuamisha tope, na unga wa poliakrilamaidi, ile polima inayoisaidia shabu, ni mpaka upande lori kutoka Dar es Salaam. "Nyie wakemia mko hapo Mbeya, chuo cha sayansi na teknolojia mnacho. Mnashindwa nini kuupika wenyewe?"

Swali lina mashiko. Unga wenyewe ni wa kawaida kabisa kwa macho, kama sukari. Ukiunyunyiza polepole kwenye ndoo huku unakoroga, baada ya saa moja hivi unapata maji mazito yanayovutika kama mlenda. Ukiumwaga kwa mkupuo unapata madonge, kama uji wa mtu mwenye haraka. Mvutiko ule ndio kazi yenyewe. Kila molekuli ni mnyororo mrefu mno, uzito wake unahesabiwa kwa mamilioni, na mnyororo mmoja hukamata chembe nyingi za udongo hadi ziwe bonge linalozama. Shabu hufanya kazi nyingine, ya kupunguza chaji inayozifanya chembe zikimbiane. Ndiyo maana viwili hivi hutumika pamoja, na kipimo cha polima huwa miligramu moja au pungufu kwa lita.

Kuupika nako si siri. Unayeyusha monoma, yaani molekuli ndogo ambazo zikiungana ndizo hufanya mnyororo, hapa akrilamaidi, ndani ya maji, unapitisha naitrojeni kufukuza oksijeni, kisha unatia kianzishi kama persalfeti. Oksijeni ikibaki, minyororo hukatika ikiwa bado mifupi au haianzi kabisa. Nimewahi kukaa mbele ya chupa saa nzima nikisubiri ishike, kumbe kizibo kilikuwa kinavuja.

Wanaotaka tuanze kuzalisha huja na hoja ya kisasa zaidi, upolimishaji unaodhibitiwa, yaani kuunganisha minyororo huku ukitawala urefu wake. Maarufu ni njia ya RAFT, iliyotangazwa 1998 na watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti wa sayansi la Australia. Kiambato chenye salfa huipa minyororo zamu za kukua, hivyo yote hurefuka kwa pamoja na kuishia karibu sawa. Ni kemia nzuri na ninaipenda. Lakini tope la Ruaha Mdogo halidai minyororo iliyo sawa, linadai mirefu, na hiyo njia ya kawaida inaitoa kwa gharama ndogo. Udhibiti unalipa kwenye polima fupi, kama asidi ya poliakriliki inayozuia magaga, ule ukoko wa chumvi, ndani ya boila. Pale urefu ni kila kitu, kwani mnyororo mfupi hutawanya chembe, ukirefuka sana unaanza kuzikusanya, na dawa inafanya kinyume cha ulichoinunulia. Chuo kikitaka pa kuanzia, ningekiambia kianze hapo.

Kwenye maji ya kunywa nasita, na sababu yangu ni masalia, yaani monoma iliyobaki kwenye unga bila kuungana. Polima yenyewe haina sumu ya kutisha, ila monoma ni habari nyingine: hupenya ngozi, huharibu neva, na tangu 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ni mikrogramu 0.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Sasa piga hesabu. Unga wenye masalia ya asilimia 0.05, ukitiwa miligramu moja kwa lita, unakufikisha mpakani kabisa. Pishi la wanaojifunza likibakiza asilimia moja tu, umepita kiwango mara 20, na maji yatakuwa meupe yanang'aa, hakuna atakayeshtuka.

Halafu joto. Mchanganyiko wenye asilimia 30 ya monoma hutoa joto la kuupandisha nyuzi 80 na ushei. Anza asubuhi ya Mbeya na nyuzi 18, utakaribia mia, na hapa kwetu, mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye 94. Bika, chombo kidogo cha maabara, hupoteza joto pembeni. Pipa la uji ulioganda usiokorogeka halipotezi. Na monoma hatutengenezi nchini, kwa hiyo badala ya lori la unga usiodhuru tutakuwa tumepandisha mlima wa Kitonga lori la sumu.

Wapinzani wangu hunitajia chipsi, kwamba akrilamaidi tunaila humo kila siku. Ni kweli: baada ya gundi yenye akrilamaidi kuvuja kwenye handaki la Hallandsås, Sweden, mwaka 1997, ng'ombe wakapooza na samaki wakafa, uchunguzi uliofuata ulifikisha Waswidi 2002 kutangaza kwamba kitu hicho hujitengeneza kwenye vyakula vya wanga vikikaangwa. Viazi vya Uporoto vilivyokauka kahawia kwenye karai la Mwanjelwa vinacho. Ila chipsi unaweza kuziacha, maji ya bomba huwezi.

Na mlonge badala ya polima? Mbegu zake husafisha kweli, lakini maji yake hayakai siku nyingi kabla ya kuanza kunuka, na mti wenyewe hauipendi baridi yetu.

Hata hivyo upande wa kununua nao haujanishawishi kama nilivyodhani. Unaponunua unaazima uaminifu wa mtu usiyemjua. Mashine ya kupima masalia ya monoma ni ile ile, upike au ununue, na mimi ningeanza na mashine hiyo kabla ya pipa lolote. Mwezi uliopita nilimwomba jamaa yangu anitumie picha ya karatasi iliyokuja na mfuko ulioko ghalani kwake. Ina rangi ya unga, uzito wa molekuli, tarehe ya kutengenezwa na mhuri wa muuzaji. Mstari wa masalia ya monoma haumo.