Mzizima Imekataliwa

Tangu alfajiri mashine inaniambia sijui nenosiri langu mwenyewe. Mimi! Niliyekaa ukarani miaka thelathini na moja nikitunza mafaili ya watu bila kupoteza hata moja, leo kilaptopu cha mtumba kinanihoji kama mwizi wa kuku.

Kisa ni lugha. Nilikinunua Kariakoo wiki iliyopita, mtumba wa Ujerumani, kinang'aa. Kufika nyumbani nakiwasha, kinanisalimia Kijerumani. Jamani, Wajerumani si walitolewa Dar mwaka 1916? Wakatuachia neno shule na neno hela, hela yenyewe wakaondoka nayo. Sikujua kwamba watarudi kupitia Windows.

Nikapanda mwendokasi kurudi Kariakoo. Hilo tuliache, mbavu bado zinauma.

Fundi nilimkuta chini ya ngazi, meza yake ukubwa wa sinia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii inaongea Kijerumani."

"Dogo hilo, mzee wangu. Dakika mbili."

Dakika mbili za Kariakoo mnazijua. Ya kwanza aliuza chaja, akagombana na mtu kwenye simu, akamaliza chapati. Ndipo akabonyeza kitufe cha dirisha pamoja na herufi I, mipangilio ikafunguka, akawa anakata mitaa humo ndani bila kusoma neno.

"Kwani Kijerumani unakijua?"

"Sikijui mzee, najua njia tu. Kama kwenda Gongo la Mboto usiku. Haya, tuweke lugha gani?"

Hapo shingo ikaninyooka. "Kiswahili," nikasema, kwa sauti ya taarifa ya habari.

"Mzee, si tuweke tu Kiingereza?"

"Kijana, UNESCO wametupa tarehe 7 Julai nzima ya Kiswahili, wewe unaninyima laptopu?"

Akaguna. Akaniambia niwashe hotspoti, eti lugha inapakuliwa. Kumbe Kiswahili changu mwenyewe kinatoka mtandaoni, kwa bando langu la wiki nililojiunga asubuhi hiyohiyo! Ujumbe ukaingia: umetumia asilimia 75. Kabla sijavaa miwani, ukaingia mwingine: bando lako limekwisha. Nikajiunga tena. Umeme nao ukakatika, na betri ya kile kilaptopu ni pambo. Tukakaa. Nikajua habari za ndoa ya muuza kava wa jirani, ambazo sikuziuliza.

Umeme uliporudi, fundi akamaliza, akasema, "Sasa utoke, uingie tena, ndiyo ikubali."

Nikasimama, nikachukua kofia. "Nitoke niende wapi?"

"Siyo wewe mzee. Akaunti."

Kiswahili kikaja, lakini mlangoni tu. Ukizama ndani unakuta Kiingereza kimekaa kitako, kama mkutano wowote wa ofisini. "Ndivyo kilivyo, mzee, kinavalishwa juu ya Kiingereza." Na neno la kwanza kukutana nalo ni lipi? Kikokotoo! Mimi mstaafu! Neno la hesabu ya mafao yetu ya kustaafu, lililonikosesha usingizi, limenifuata mpaka ndani ya kompyuta niliyoinunua kwa mabaki yake.

Elfu kumi na tano. Nikalipa.

Sasa leo. Nenosiri langu ni Mzizima, jina la mji huu kabla haujaitwa Dar es Salaam, nililiweka kwa heshima. Linakataliwa. Mjukuu akaja, akabonyeza kijicho pembeni, nukta zikageuka herufi: Myiyima. Kumbe kibodi ya Wajerumani imechapwa Z mahali pa Y, na Y mahali pa Z. Kiswahili kilipoingia kilikuja na mpangilio wa Kimarekani, kimyakimya, herufi zilizochorwa juu zikabaki uongo.

"Babu, ukitaka Z bonyeza Y."

Yaani nidanganye ndipo niaminiwe!

Nimeingia, lakini. Nilitaka kuwaandikia watu wa maji, hayajatoka tangu Jumapili. Barua rasmi, anwani juu, kichwa kwa herufi kubwa. Imetoka "ZAH: KUKOSA MAJI". Nimefuta mara nne. Mara nne! Na sasa mama watoto anapiga kelele uani kwamba bomba limekohoa. Yanakuja mekundu, mnaona? Ngoja kwanza, ndoo ya bluu nani kaichukua?