Kura Yangu ya Ramadhani

Jamani hivi mtu akichoka na jambo ambalo hata si la kwao anaenda kushtaki wapi? Mimi mtu wa Tanga, nimezaliwa Ngamiani, nabeba boksi hapa Leicester, Uingereza, miaka mingi tu, kazi yangu kupanga mizigo ghalani usiku na kulala mchana, na bado kila nikikaa mahali na kikombe changu cha chai kuna mtu ataniuliza, eti wewe unaonaje, hiyo Brexit, tulivyotoka Umoja wa Ulaya, tulipatia au tulikosea? Mimi? Mimi nina boila mbovu nyumbani ndugu yangu, maji ya kuoga baridi kama ya mtungi, niulize habari za boila.

Ila leo nasema, maana nimekaa nalo rohoni tangu 2016 na mke wangu mpaka leo hajui, kwa hiyo anayemfahamu naomba awe na mdomo mzito.

Kwanza muelewe hapa Uingereza kuna vituko. Ile kura ya maoni ya tarehe 23 Juni 2016, ya kubaki au kutoka Umoja wa Ulaya, sisi watu wa Jumuiya ya Madola tulioishi hapa kihalali tuliruhusiwa kupiga. Ndiyo, mimi, pasi ya Tanzania mfukoni, nikaitwa kuamua mambo ya Ulaya. Jirani yangu Mpoland, fundi bomba, kaingia nchi hii kabla yangu, kodi analipa, Leicester City anawajua mpaka wachezaji wa akiba, huyo hakuruhusiwa! Siku ile naondoka kwenda kupiga kura yuko nje anaosha gari, akanipungia mkono, akaniambia rafiki usituangushe. Nikamwambia ondoa shaka.

Sasa ngoja niwaambie nilivyokuwa. Mke wangu wakati huo yuko Tanga, mimi huku, miaka mitatu nahangaika kumleta. Sheria ilisema ili umlete mke uwe na mshahara wa pauni 18,600 kwa mwaka, na mimi hata nikipiga shifti za Krismasi sifiki. Wiki ile ile ya kura barua ikaja, viza imekataliwa. Upande wa pili wa ukuta nasikia Mpoland anacheka na mkewe! Yeye mtu wa Umoja wa Ulaya, kamleta kwa ndege ya bei ya chipsi na samaki, hakuulizwa mshahara, hakuulizwa picha za harusi, kafika kaning'iniza mapazia. Na pale barabarani jamaa wananigawia vikaratasi, eti tukitoka Ulaya foleni itakuwa moja, Mpoland na Mtanzania wote sawa. Mimi nikasikia tutanyanyuliwa sisi. Sikufikiria kwamba kusawazisha kuna kupanda na kuna kushuka.

Na ilikuwa Ramadhani. Mwezi wa sita hapa jua linazama saa tatu na nusu usiku, swaumu ya saa kumi na nane na zaidi, saa kumi na moja jioni mtu huoni vizuri, unamuona mbwa wa jirani unafikiria mishkaki (astaghfirullah). Ndo hali niliyoingia nayo kwenye kile chumba. Karatasi ina mistari miwili tu, juu kubaki, chini kutoka, penseli imefungwa kamba kama ya benki. Nikaikumbuka barua. Nikakumbuka kicheko cha ukutani. Nikaweka alama chini.

Na sikuwa na wasiwasi hata kidogo maana kila mtu alisema kutoka haiwezi kushinda, magazeti yamesema, wenye pesa zao wamesema, kwa hiyo nikajua yangu ni ya hasira tu, itapotea humo ndani hakuna atakayeumia. Mtu mzima na akili zangu! Wiki saba tu kabla ya hapo Leicester City wamechukua ubingwa wa ligi kuu, timu iliyokuwa inapewa nafasi moja kwa 5,000, nimecheza barabarani na kanzu na huyo huyo Mpoland kanibeba mabegani, halafu nakaa naamini kuna kitu hakiwezi kushinda.

Usiku nikala daku, nikaswali, nikawasha televisheni. Saa kumi na dakika arobaini alfajiri wakatangaza imekuwa kutoka. Asilimia 51.9 kwa 48.1. Pauni ikaporomoka hapo hapo mpaka ikashuka chini kuliko wakati wowote tangu 1985, na mimi kila mwezi natuma Tanga. Mama akapiga simu, mwanangu mbona hela imepungua, una mwanamke huko? Nikamwambia mama ni uchumi wa dunia. Akasema huo uchumi una jina?

Kuanzia hapo hakuna raha. Leicester yenyewe imegawanyika katikati kama embe, 51.1 kubaki na waliosalia kutoka, kwa hiyo popote ulipo, msikitini, kwenye basi, kwa kinyozi, mmoja kati ya wawili amekukasirikia. Kazini meza ya chai ilikuwa moja zikawa mbili. Kuna Mwingereza mmoja wa foklifti, mtu wa kutoka damu damu, nikaona huyu ndo wa kumwambia siri yangu nipumue, nikamnong'oneza mwenzangu mimi pia nilipiga kutoka. Badala ya kufurahi akanitolea macho, wewe nawe ulikuwa na kura? Kumbe yeye alipiga ili watu kama mimi tupungue, sasa anagundua nimemsaidia. Hakunisemesha wiki mbili.

Na wangekuwa wametoka hata basi! Kwetu mgeni akisema haya jamani mie nakwenda, mnamfungia na vitumbua vya njiani, mnamsindikiza, kaenda. Hawa waliaga kwa barua Machi 2017 wakasema 29 Machi 2019 hatupo. Ikafika, wakasema ngojeni 12 Aprili. Ikafika, wakasema basi 31 Oktoba, na mara hii ni kweli, mpaka wakagonga na sarafu za peni 50 zenye tarehe hiyo. Ikafika wamekaa. Sarafu karibu milioni moja wakaziyeyusha. Katikati ya hapo serikali ikaipa kampuni moja kandarasi ya pauni milioni 13.8 ya kuvusha mizigo kwa feri, watu kuja kuangalia kampuni haina meli, haina hata ngalawa. Na sisi ndo tunaambiwa Afrika hatupangi mambo.

Mama yangu akawa haishi kuuliza. Shikamoo mama, marahaba, mshatoka? Bado mama. Bado! Hata mwanamke aliyeachwa eda yake miezi mitatu, nyie mwaka wa tatu mnakaa nyumba moja mnagombania sufuria? Nikamwelezea kwamba waziri mkuu Theresa May kapeleka mkataba wa kutoka bungeni Januari 2019 ukakataliwa kwa kura 432 kwa 202, kaurudisha Machi ukakataliwa, kaurudisha tena mwezi ule ule ukakataliwa tena. Mama akanyamaza kidogo akasema, hizo ni talaka tatu baba, kwa huyo mume haurudi tena, mpaka uolewe na mwingine kwanza. Na kweli bwana, May akaondoka, akaja Boris Johnson, akaubadilisha nguo mkataba ule ule akaupitisha. Mama hajui Kiingereza hata cha kuombea maji.

Lakini yeye hilo jambo halimchekeshi sana. Baba alikuwa mtu wa reli enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, na ilipokufa 1977 mpaka wa Kenya ukafungwa mpaka 1983. Shangazi yetu kaolewa Mombasa, kutoka Tanga hapo ni mwendo wa kula chakula cha mchana ukafika, hatukumtia machoni miaka sita, alipokuja mimi namuamkia simjui. Kwa hiyo mama akiuliza mshatoka huwa anauliza kitu kingine pia, ila sijawahi kumjibu hicho.

Yule mzee Mhindi wa dukani kwetu Belgrave, mzaliwa wa Kampala, Kiswahili chake cha zamani kile, ndo alinimaliza. Mzee unaonaje mambo ya Brexit? Akaacha kupima mchele. "Amin nasema siku tisini, sisi yote natoka. Hawa miaka tatu na nusu, bado natafuta viatu!" Halafu akanikumbusha kwamba 1972 halmashauri ya Leicester iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaambia Wahindi msije, mji umejaa. Yeye alikuwa hajawahi kuusikia huo mji. Ameusoma kwenye tangazo, akafunga sanduku akaja.

Wakatoka kweli 31 Januari 2020, saa tano usiku, mimi niko ghalani napanga paleti sikuona tofauti. Tofauti ilikuja kwa jirani. Mke wangu alishafika tangu 2018, baada ya mimi kushika kazi mbili mpaka nikawa nasinzia nimesimama, na mke wa Mpoland ndo aliyempokea, kampeleka kliniki, kamwonyesha duka la mihogo, hawana lugha moja wanaongea kwa mikono na kucheka wee. Sasa Mpoland akaambiwa aombe kibali cha kubaki kabla ya 30 Juni 2021. Akaja kwangu na simu yake nimsaidie kupiga picha ya uso. Nikamshikia simu. Anatoa macho kwenye kioo kama mtoto wa shule, na mimi ndo nimemshikia! Kibali alipata, lakini akasema hajisikii tena, wakafungasha. Mke wangu alilia siku mbili. Akasema Mungu awalipe waliopiga kura ile. Nikaitikia amin, ningefanyaje.

Miezi michache mbele madereva wa malori wakawa haba, vituo vya petroli vikakauka, wanajeshi wakaingia kuendesha malori ya mafuta. Nimekaa foleni saa mbili na nusu, nyuma yangu yule wa foklifti. Tumetazamana kwenye kioo, hakuna aliyepiga honi.

Uraia nikapata na pasi mpya ya bluu, ile waliyoipigania kwamba ndo uhuru wenyewe. Vitabu vyake vinatengenezwa Poland! Nikaenda nayo Hispania na familia, nasema maisha yangu yote nimesimama foleni ya "wengineo", leo nachepuka. Nafika pale naelekezwa kule kule kwa wengineo, na safari hii Waingereza wote wapo, wamenifuata. Babu mmoja mwekundu kama kamba wa kuchemsha ananiuliza mbona haisogei. Nikamwambia utazoea.

Wageni wenyewe waliotaka wapungue, mwaka ulioishia Juni 2023 waliongezeka kama laki tisa, ukishatoa walioondoka, na wengi hawakutoka Ulaya, ni Wahindi na Wanaijeria na watu wetu. Na zile 18,600 zilizonitia wazimu siku ile, tangu Aprili 2024 ni 29,000. Mpwa wangu yuko Coventry anataka kumleta mkewe, ananipigia anko hivi hawa watu ni nani aliwachagua? Nakohoa tu.

Basi juzi boila imegoma, fundi wa hapa anataka pauni 120 kuingia tu mlangoni. Nikampigia video Mpoland kwao. Kafurahi huyo, kanenepa, ananiambia funga hiki, fungua kile, taratibu, angalia mshale upande, na kweli mshale ukapanda, moto ukawaka bluu, mke wangu jikoni akapiga kigelegele. Nataka kumshukuru, akaniuliza anacheka, rafiki, sikuwahi kukuuliza, siku ile uliniambia niondoe shaka, uliweka alama wapi?

Nikamwambia haloo? Haloo? Sikusikii ndugu yangu, netiweki hii!

Mke wangu kutoka jikoni: "Mbona mie namsikia vizuri tu?"