Kuijua Dunia kwa Orodha za Nyimbo: Tunasikia Mengi, Tunakaa na Machache

Kijana wa Songea au Kisumu mwenye simu ya kawaida na bando la siku moja anaweza leo kusikiliza gnawa ya Moroko, magitaa ya Watuareg wa Niger, cumbia ya Kolombia na kwaya za Georgia ndani ya saa moja. Baba yake alisikia kile alichochagua mtangazaji wa redio. Wanaobeza mabadiliko haya wanasahau jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba. Boomplay, programu ya kusikiliza muziki, iliingia sokoni mwaka 2015 ikiwa tayari imewekwa ndani ya simu za Tecno, Mdundo ya Nairobi ikawapa watu nafasi ya kupakua nyimbo bure, na Februari 2021 huduma ya muziki ya Spotify ikafunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi kwa mpigo. Tangu hapo orodha za nyimbo zimekuwa ndiyo njia kuu ya wengi kukutana na muziki wa mbali: unabonyeza jina la eneo, na nyimbo hamsini zinaanza kufuatana.

Mtu aliyemaliza orodha ya namna hiyo, yenye nyimbo hamsini za Afrika Magharibi, amejua nini kuhusu Afrika Magharibi?

Wapo wanaosema hajajua kitu, na hoja yao ina uzito. Muziki mwingi wa dunia hii haukutungwa kwa ajili ya kusikilizwa kwa spika za masikioni ndani ya daladala. Gnawa ina usiku wake wa uponyaji, unaokwenda hadi alfajiri, na kila wimbo una zamu yake kulingana na roho inayoitwa. Taarabu ina ukumbi, ina kutunza, ina mtu anayenyanyuka kwa sababu ubeti fulani umemgusa yeye au umemgusa jirani yake aliyekaa meza ya pili. Singeli ina vigodoro vya Tandale na Manzese, mtaa mzima ukiwa nje. Orodha huuondoa wimbo katika shughuli yake na kuupanga kati ya nyimbo mbili zisizohusiana nao kwa lolote, isipokuwa kwamba zote zimetoka upande mmoja wa ramani.

Hoja hii ningeikubali yote kama historia yetu wenyewe isingeipinga.

Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya His Master's Voice ya Uingereza iliuza Afrika mfululizo wa santuri uliojulikana kwa herufi GV. Nyingi zilikuwa nyimbo za Kuba, zilizorekodiwa kwa ajili ya soko jingine kabisa, zikachaguliwa na watu wa ofisini London. Santuri zile zilikuwa na namba, na wasikilizaji wa Kongo walizitaja kwa namba hizo. Hazikuwa na maelezo ya maana, na waliozinunua wengi hawakujua Kihispania hata neno. Ukizitazama vizuri, GV ilikuwa orodha ya nyimbo: uteuzi wa muziki wa eneo moja, uliofanywa na mtu wa eneo la pili, kwa ajili ya masikio ya eneo la tatu. Kila kosa tunalolaumu orodha za leo, GV ililifanya.

Na nini kilitoka humo? Rumba ya Kongo, kwa sehemu kubwa. Huku kwetu Salum Abdallah wa Morogoro aliita bendi yake Cuban Marimba, na hadi alipofariki mwaka 1965 alikuwa amefanya mahadhi ya Kuba yaimbwe kwa Kiswahili, kwa mambo ya Morogoro, mbele ya watu ambao hawakuhitaji kuijua Havana ili wacheze. Wale walichukua muziki ulionyang'anywa mazingira yake, wakautia mazingira yao. Mtu anayesema huwezi kupenda muziki wa watu bila kuwaelewa kwanza ana kazi ya kueleza dansi zima la Afrika Mashariki limetoka wapi.

Kwa hiyo ukosefu wa maelezo, peke yake, siyo tatizo. Tofauti kati ya GV na orodha ya leo naiona mahali pengine. Santuri ilikuwa na nyimbo mbili, moja kila upande. Aliyeinunua aliisikiliza mpaka ikachakaa. Mpiga gitaa aliirudisha sindano nyuma mara nyingi mpaka vidole vikapata njia. Uhaba ule uliwalazimisha kukaa na wimbo. Orodha ya leo imejengwa ili wimbo unaofuata uanze wenyewe, na ule ulioisha uondoke hata kabla hujasoma jina la mwimbaji. Tunapewa dunia yote, ila hatupewi sababu ya kusimama popote. Kwangu mimi hapo ndipo pa kuipimia orodha: je, inakufanya utoke ndani yake, uende kutafuta albamu nzima ya mtu mmoja, au inakufanya ubaki ndani yake siku nzima ukisikia kila kitu bila kukumbuka chochote?

Mashine za mapendekezo zinajibu swali hili kwa namna mbili. Julai 2015 Spotify ilianza kumpa kila msikilizaji orodha ya nyimbo 30 kila Jumatatu, zilizoteuliwa kwa kulinganisha anachosikiliza yeye na wanachosikiliza wengine. Kazi hiyo hakuna binadamu angeweza kuwafanyia mamilioni ya watu. Na mashine haina aibu ya kuvuka mipaka. Wimbo wa Plastic Love wa Mariya Takeuchi ulitoka Japani mwaka 1984, ukabaki kuwa jambo la Wajapani kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2017 mtu aliupakia YouTube, mfumo wa mapendekezo ukaanza kuwasukumia watu ambao hawakuwahi kuuomba, na mamilioni wakausikia. Baada yake likafuata wimbi zima la wageni waliokwenda kuchimba pop ya mijini ya Japani ya miaka ile, wakanunua santuri, wakajifunza majina ya wapigaji. Hapo mashine ilifanya kitu ambacho makampuni ya muziki yalishindwa kufanya kwa miaka yote hiyo.

Lakini Takeuchi alikuwa na rekodi safi, studio nzuri, na mahadhi ambayo sikio la Marekani lilishayazoea. Mashine hupendekeza kwa kufuata nyayo za waliotangulia, na pasipo na nyayo haiendi. Tangu mwaka 2024 Spotify haiulipi mirabaha wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 za kusikilizwa ndani ya miezi 12. Kampuni inasema senti hizo zilikuwa hazimfikii msanii hata hivyo, na kwamba hatua hiyo inapunguza udanganyifu. Huenda ni kweli kwa mtu aliyepakia sauti ya mvua. Kwa kikundi cha ngoma cha Wagogo au mpiga zeze wa kijijini, ujumbe ni kwamba huhesabiki mpaka umati ukutangulie.

Halafu kuna urefu. Jambo hili husemwa kidogo mno, nami naliona zito kuliko mengi. Kwenye Spotify wimbo unahesabika ukishasikilizwa kwa sekunde 30. Wimbo wa dakika mbili uliosikilizwa mpaka mwisho na wimbo wa dakika kumi na tano uliosikilizwa mpaka mwisho, vyote ni hesabu moja. Sasa fikiria muziki unaodai muda. Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, aliimba Alhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Cairo ikirusha, na wimbo mmoja uliweza kukaribia saa nzima kwa sababu hadhira ilidai ubeti urudiwe naye akaurudia kwa namna nyingine kila mara. Taarabu ya Unguja, iliyochota kwa Misri tangu enzi za Sultani Barghash na kupata chama chake cha Ikhwani Safaa mwaka 1905, ina utangulizi wa vyombo ambao haumkimbilii mwimbaji. Wimbo wa dansi la Dar es Salaam huanza taratibu, maneno yanasemwa, kisha magitaa yanafungua chemko, sehemu ya kasi ya wimbo, na hapo ndipo watu wanapoinuka. Mtengeneza orodha anayetaka watu wasiruke wimbo atachagua nini? Atachagua kinachokamata sikio mapema. Hivyo orodha ya "Waswahili" inaweza kujaa Bongo Fleva ya dakika tatu, na mgeni akaondoka akiamini amesikia pwani yote.

Haki lazima itendeke hapa pia, kwa sababu kukata nyimbo hakukuanza na simu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, upande mmoja wa santuri ya wakati ule ulibeba kama dakika tatu tu. Santuri ndogo zilizotoka Nairobi miaka ya 1970 ziliupasua wimbo wa dansi katikati: maneno upande wa kwanza, chemko upande wa pili. Kila chombo kimekuja na mkasi wake. Ila simu haina sababu ya kiufundi ya kukata. Ingeweza kubeba tamasha zima la Umm Kulthum bila kupinduliwa upande, na YouTube matamasha hayo yapo. Safari hii kinachokata ni hesabu ya malipo, na hesabu ya malipo hupangwa na watu, kwa hiyo inaweza kupangwa upya.

Tatizo jingine ni majina ya makabati. Mwaka 1987 watu wa kampuni ndogo za muziki walikutana kwenye baa moja London kutafuta jina la kuweka juu ya rafu, maana wenye maduka hawakujua pa kuweka santuri za Mali, Bulgaria na Pakistani. Wakakubaliana kuuita wote muziki wa dunia. Jina hilo liliuza santuri, na wasanii kadhaa walipata riziki kwa sababu yake. Remmy Ongala na Super Matimila wake wa Dar es Salaam walifika kwenye majukwaa ya WOMAD, tamasha la muziki la Uingereza, katika miaka hiyohiyo. Lakini rafu ile ilihamia mtandaoni bila kubadilika sana, na orodha za kieneo ni watoto wake. Ndugu wa Kinyonga, Wilson na George, walitoka Tanga, wakapitia Arusha, wakaanzisha Simba Wanyika wakiwa Nairobi. Wameimba Kiswahili cha Tanga, wamerekodi Kenya, kwenye magitaa yenye damu ya Kongo. Ukiwatafuta kwenye orodha ya Kenya utawapata. Kwenye orodha ya Tanzania mara nyingi hutawakuta, na hakuna mstari hata mmoja wa kukueleza safari hiyo, ambayo ndiyo tamu yenyewe.

Kazi ya binadamu aliyekaa na muziki mmoja kwa muda mrefu inaonekana mara moja. Mfaransa Francis Falceto alianza mwaka 1997 kutoa mfululizo wa albamu uitwao Éthiopiques, akishughulika na nchi moja, na zaidi mji mmoja, Addis Ababa wa miaka ya 1960 na 1970, akieleza bendi ilikuwa ya nani na nani alipiga nini. Wengi waliomjua mwanamuziki wa jazi Mulatu Astatke nje ya Ethiopia walimjua kwa njia hiyo. Brian Shimkovitz, Mmarekani, aliikuta Ethiopia kaseti ya mpiga kinanda Hailu Mergia ya mwaka 1985, akamtafuta mwenyewe, akamkuta Washington akiendesha teksi. Kaseti ikatolewa upya mwaka 2013, na mzee akarudi jukwaani. Inauma kwamba aliyeichimba hazina hiyo alitoka mbali, na hilo ni la kulisema wazi: anayechagua ndiye anayeamua muziki wako utajulikana kwa sura ipi. Singeli ilipotolewa na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala mwaka 2017, Ulaya iliipokea kama muziki wa kilabu za elektroniki, wenye mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Maneno ya Kiswahili, yanayosimulia kodi ya nyumba na mapenzi ya uswahilini, hayakuwa na pa kushika kwa msikilizaji wa Berlin. Hata hivyo vijana wa studio ya Sisso ya Dar es Salaam walipata safari na malipo ambayo redio nyingi za hapa hazikuwapa.

Mimi ninapoipima mizani yote, nakubali orodha, tena kwa furaha, lakini naitaka ile yenye mtu nyuma yake: jina lake lipo, mji unatajwa badala ya bara, mwaka unatajwa, mpiga solo anatajwa. Orodha ya nyimbo kumi na mbili za Tanga za miaka ya 1960 na 1970 ingenifaa kuliko ile ya nyimbo mia mbili za "Afrika". Kazi hiyo haihitaji kampuni kubwa. Inahitaji watu wetu wanaokumbuka, na wapo, kuanzia watangazaji wa vipindi vya zilipendwa hadi mashabiki wa bendi za Msondo na Sikinde ambao bado wanabishana kuhusu nani alipiga besi kwenye wimbo gani.

Kinachobaki kuwa kigumu ni kile kisichoingia kwenye orodha yoyote. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam bendi zilirekodi studio za redio kwa ajili ya kurushwa hewani, na waliotaka santuri walivuka mpaka kwenda Nairobi. Santuri za Nairobi zilisambaa duniani, zikachapishwa tena, zikafika kwenye simu. Kanda za RTD zilibaki kwenye rafu, sasa zikiwa mikononi mwa TBC, na sehemu kubwa haijawahi kupakiwa rasmi popote. Mpaka zitakapofunguliwa kwa utaratibu unaowalipa wapigaji au warithi wao, hata mteuzi mwenye sikio zuri kuliko wote atakuwa anaipanga Tanzania kutoka kwenye kile kilichovuka mpaka wa Namanga.