Hatua 20 kwa 20

Jamani, mguu wa dalali wa Moshi umepimwa na nani? Anakuuzia kiwanja cha 20 kwa 20, wewe akilini unapiga mita, mwenzio anatembea! Ekari kienyeji ni hatua 70 kwa 70, yaani hatua moja ni kama sentimita 91. Hiyo 20 yako ni mita 18 na ushee. Mita za mraba 400 ulizolipia zimebaki 331. Hizo 69 ni vyumba vinne na baraza. Na dalali akiwa mfupi, mangi, toa na jiko.

Kihamba chenyewe, yaani shamba la ukoo la Wachaga, kilishachoka kabla ya dalali. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kando ya mfongo (mfereji wa maji ya shamba), maparachichi yanaangukia mabati. Mwaka 1989 mfumo wa kimataifa wa kugawiana viwango vya kuuza kahawa ukavunjika, bei ikaporomoka, watu wakaanza kuing'oa. Ekari 3 kwa watoto wanne ni robo tatu kila mmoja. Wajukuu wanagawana migomba kwa kuhesabu mashina. Hapo mmoja anapiga simu kutoka Dar: "Mimi changu nauza."

Mpaka ni masale, mimea ya majani marefu inayopandwa kwa mstari. Isale ukilikata na kulichomeka ardhini linashika, ndiyo maana mipaka ya huku hutembea usiku. Asubuhi limeingia kwako hatua mbili, na kuling'oa unaogopa, maana ndilo hilohilo watu huombea radhi. Leta mpima aliyesajiliwa, achimbie bikoni, yaani alama za mpaka, za zege zenye nondo katikati, namba zisomeke, majirani wote wakiwa wamesimama hapo. Uliza na makaburi, tena mbele ya ukoo. Usije kuchimba msingi ukamkuta bibi wa watu.

Halafu kuna mwerevu anayekata mparachichi na kuacha kisiki ndani ya msingi, eti kuokoa hela ya vibarua. Kisiki kinaoza polepole, chini panabaki uwazi, jamvi la zege la sakafu linadidimia, ufa unaanzia kona ya sebule. Fundi atakwambia simenti ya siku hizi mbovu. Mbovu nini! Ng'oa kisiki na mizizi minene, jaza moramu, ule udongo wa changarawe, kwa tabaka za sentimita 15, mwagia maji, shindilia kila tabaka kabla ya kumwaga nyingine.

Ila barabara ndiyo inanimaliza. Ekari ina mita za mraba 4,047. Gawa kwa 331, unapata viwanja 12, na dalali anauza vyote 12. Njia ya mita 6 kutoka mwanzo hadi mwisho ingemlia kiwanja kimoja na kipande tu! Hataki. Shimo la choo likijaa, gari la majitaka linaishia kwa jirani wa tatu na mpira haufiki.

Mbane akuonyeshe barabara, atakuonyesha mfongo. Na kweli ni mkavu kabisa, kwa sababu viwanja anauza Januari.