Jeni zinazopiga yowe si lazima ndizo kinga

Shangazi yangu wa Mkuranga akitaka kujua kama shamba la muhogo limeingiwa na ugonjwa wa virusi wa michirizi ya kahawia, hahangaiki na majani. Anang'oa shina moja, anapasua muhogo kwa panga, anatazama ndani. Akikuta madoa makavu ya kahawia, anasonya na kuutupa. Kisamvu cha shina hilohilo huenda tumekila juzi na hatukuona kasoro.

Nimemkumbuka wiki hii nikiwa mbele ya kompyuta, nikitazama jedwali la jeni elfu kadhaa. Kazi yenyewe ni hivi: unachukua majani ya muhogo unaostahimili na ya ule unaougua ovyo, unayagandisha, unatoa RNA, yaani nakala ambazo jeni hutoa zikiwa kazini, kisha mashine inasoma vipande na kukuhesabia kila jeni imefanya kazi kiasi gani. Kwa michirizi ya kahawia, aina zinazolinganishwa mara nyingi ni Namikonga, ngangari, na Albert, dhaifu. Unapata orodha ndefu: hizi zimepanda, hizi zimeshuka.

Hapo ndipo ninapobishana na wenzangu. Orodha hiyo tunaiita "jeni za kinga" mapema mno. Mwizi akiingia mtaani usiku, kila nyumba hupiga yowe. Ukihesabu mayowe utajua mwizi alipita wapi, lakini aliyefunga komeo mapema akalala hutamsikia kabisa. Mmea unaougua nao huvurugika wote: jeni za usanisinuru (za kujitengenezea chakula kwa mwanga) zinashuka, za kukabili msukosuko zinapanda. Nyingi kati ya hizo ni matokeo ya ugonjwa tu.

Tazama batobato, ugonjwa mwingine wa muhogo. Kinga yake mashuhuri, iitwayo CMD2, ilitoka kwenye mihogo ya wakulima wa Afrika Magharibi. Ilijulikana kwa miaka mingi kwamba ni kinga ya jeni moja, ila jeni yenyewe haikuonekana. Ilipotajwa mwaka 2022, haikuwa askari wala mlinzi. Ilikuwa jeni ya kimeng'enya kinachonakili DNA ya mmea wenyewe! Virusi vya batobato havina kimeng'enya cha namna hiyo, huazima cha mwenyeji. Na watafiti walipoizima jeni hiyo kwenye muhogo dhaifu, mmea ukapata nafuu. Kumbe tofauti ilikuwa kwenye herufi chache za jeni, wala si kwenye wingi wa kazi yake. Waliifikia kwa kulinganisha jenomu, yaani DNA yote, za mimea yenye kinga na isiyo nayo, ikiwemo iliyopoteza kinga baada ya kukuzwa maabara.

Michirizi ya kahawia ni kesi ngumu zaidi. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza na mtafiti Storey, mwaka 1936, kwenye kituo cha Amani kule Usambara. Pale pale watafiti wakaanza kuchanganya muhogo na jamaa yake wa mwituni, mti wa mpira wa Ceara, kisha kurudisha uzao kwa muhogo mara kadhaa. Mradi ukaisha miaka ya 1950. Mmoja wa watoto wake ukabaki mashambani, Tanzania ukiitwa Namikonga, pwani ya Kenya Kaleso. Vipimo vya vinasaba vilionyesha baadaye kuwa ni mmea uleule. Wakulima ndio walioutunza, pingili kwa pingili, na sijaona wakishukuriwa ipasavyo.

Namikonga ulipochanganywa na Albert, na watoto wao kupandwa kwenye vituo vya utafiti vya Naliendele na Chambezi, Tanzania, kinga ilionekana kutoka sehemu kadhaa za kromosomu, wala si moja. Hiyo ndiyo kazi ninayoiamini. Orodha ya RNA iwekwe juu ya ramani hiyo, ichuje jeni zilizomo kwenye sehemu hizo tu. Peke yake orodha hiyo inatupa makala za kuchapisha tu.

Taabu ni kwamba RNA unaipata kwa wiki chache, na fedha za mradi hupenda vitu vya wiki chache. Uzao wa Namikonga unataka shamba, nzi weupe wa kutosha kueneza virusi, na karibu mwaka mzima wa kungoja. Mwisho wa mwaka huo, mtaalamu anang'oa kila shina, anapasua muhogo kwa kisu na kuupa alama kuanzia 1 hadi 5 kwa alichokiona ndani. Shangazi angeifanya kazi hiyo bila mafunzo.