Kamanda Rhoades wa Ziwa Nyasa: sifa zake ni za haki?

Huku Mbeya vita vya manowari tunavihesabu kuwa habari za watu wa pwani. Kumbe ushindi ambao mara nyingi hutajwa kuwa wa kwanza wa Waingereza majini katika Vita Kuu ya Kwanza ulipatikana Ziwa Nyasa, tarehe 13 Agosti 1914. Aliyeupata ni Kamanda Edmund Rhoades wa meli Gwendolen. Wapo wanaomwita shujaa, na wapo wanaosema alimvizia rafiki yake.

Wanaombeza wana hoja nzito. Rhoades aliamriwa aiangamize au aiteke Hermann von Wissmann, meli ya Wajerumani. Akaikuta Sphinxhaven, ndiyo Liuli ya leo mkoani Ruvuma, ikiwa juu ya chelezo inatengenezwa. Nahodha wake, Berndt, alikuwa swahiba wake, na habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Makombora ya mwanzo yalikwenda kombo, kisha moja likapata. Inasimuliwa kwamba Berndt alikuja na mtumbwi akifoka, akitaka kujua kama mwenzake amelewa. Jibu alilopata ni kutiwa mbaroni. Sasa meli iliyo nchi kavu itapiganaje? Na kazi yenyewe haikuisha, maana Mei 1915 Waingereza walilazimika kurudi kuiharibu meli ileile.

Lakini wanaomtetea nao wasipuuzwe. Askari hangojei chombo cha adui kishushwe majini ndipo apigane kistaarabu. Meli ile ilipokwama, ziwa likabaki mikononi mwa Waingereza, na Gwendolen ikasafirisha askari hadi Karonga, iliyo Malawi ya leo, bila wa kuizuia. Wajerumani walioshuka kutoka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu yetu hii ya Rungwe, walishindwa Karonga Septemba 1914. Mei 1916 Jenerali Northey wa Waingereza akaingia Tukuyu, na kabla Agosti haijaisha Iringa nayo ikawa yake.

Hapo ndipo pande zote mbili zinaponiudhi. Zinacheka kisa cha ulevi, zinabishana juu ya heshima ya maofisa wawili wa Kizungu, na kuwaruka wapagazi. Shehena iliyofika kwa meli ilipandishwa milimani vichwani mwa watu, na wengi wao waliuawa na maradhi na njaa kuliko risasi. Nguvu ya kombora lile ilikuwa huko, katika njia iliyofunguka; pale Liuli palikuwa na chuma kilichotobolewa tu.

Miaka mingi kabla ya vita, Rhoades alikuwa amepima kina cha ziwa hili na kuchora ramani yake. Mimi ningempima kwa kazi hiyo kwanza, kwa kuwa ilihitaji subira na ujuzi ambao Liuli haikuuhitaji. Ila tusijidanganye: ramani ile haikuchorwa kwa ajili ya wavuvi wa Matema. Vita vilipofika, aliyejua meli kubwa ipite wapi bila kugusa mwamba alikuwa yeye, na aliyajua maji hayo kabla hajajua kwamba Berndt atakuwa adui.