Kisu cha Mhitimu na Mjomba Asiyeambilika

Msimu wa mahafali una kiburi. Unaingia Septemba na Oktoba, kidato cha nne wanaagwa, na wakati huo korosho ndiyo kwanza zinaokotwa, mnada bado, AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, hawana cha kumlipa mtu. Ungesubiri Desemba nani angenuna? Lakini wapi. Kadi ya mchango inaletwa mfuko umekauka, na kwa kuwa huku kwetu, kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo unafuata upande wa mama, wa kwanza kubishiwa hodi ni mjomba. Baba anaweza kufika na kreti la soda akapigiwa makofi. Mjomba akifika na kreti la soda atasimangwa mpaka Newala.

Sasa yuko mjomba wa namna yake. Amechoka na taji la maua ya plastiki, lile linalomwaga chenga shingoni mwa mtoto. Amechoka na saa ya ukutani yenye picha ya simba. Anataka kumpa mpwa kisu cha kukunja, cha kutengenezewa na fundi, mpini wa mpingo, jina limeandikwa. Wazo zuri sana hilo. Tatizo ni mjomba mwenyewe.

Fundi anamuuliza kwa adabu, "Shikamoo mzee. Mpwa wako amesomea nini?" Mjomba anajibu, "Marahaba. Wewe tengeneza kikubwa."

Kikubwa cha kumchinja nani, jamani? Bapa la kisu cha kukunja linalala ndani ya mpini, kwa hiyo kila sentimita unayoongeza kwenye bapa unaiongeza na kwenye mpini, na mfuko wa suruali hauongezeki. Bapa la sentimita 7 hadi 9 linamenya embe, linakata kamba, linafungua boksi, basi. Ile Buck 110 ya Marekani, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, bapa lake ni sentimita 9 na nusu na uzito ni gramu 200 hivi. Mtumbukizie mhitimu mfukoni mwa suruali ya kitambaa aliyoshonewa kwa mkopo, halafu mtazame anavyopanda jukwaani kuchukua cheti huku mkono mmoja umeshika kiuno. Gramu 80 hadi 120 zinatosha.

Akishindwa kwenye urefu, mjomba anahamia kwenye unene. "Mgongo uwe milimita tano, kidumu." Milimita tano ni shoka hilo, mzee. Kisu kinene hakikati muhogo, kinaupasua, embe kinalikamua. Milimita 2.5 hadi 3 mgongoni, na pale nyuma kidogo ya makali, kabla ya kunolewa, isizidi nusu milimita. Hapo ndipo ukataji ulipo. Watu wanasifia makali, lakini kisu chembamba nyuma ya makali hukata hata kikiwa butu kidogo, na kinene husumbua hata kikiwa kimenolewa jana.

Tena lile swali la amesomea nini halikuwa la kuzugia mazungumzo. Aliyehitimu kilimo na anategemea kwenda kubebesha miche ya mikorosho, kama wanavyofanya kwenye kituo cha utafiti cha Naliendele, anahitaji kisu kilichochongwa upande mmoja tu, upande wa pili bapa tupu kama rula, ili mkato wa kijiti chenye unene wa penseli utoke umenyooka na ulale vizuri kwenye shina. Ukimpa kilichochongwa pande zote mbili, mkato unatoka na tumbo, kijiti na shina havigusani sawasawa, mche unakauka, na atakayelaumiwa ni yeye aliyesoma. Aliyetoka VETA na umeme wake apewe bapa lenye makali yaliyonyooka na ncha iliyoshushwa, isije ikamchoma akiwa juu ya ngazi. Mwalimu na muuguzi, kisu chao kikuu ni cha matunda. Lakini mjomba keshasema kikubwa.

Kwenye chuma ndipo anapogeuka profesa. Anataka "chuma cha kweli", maana yake springi ya lori. Springi ya lori ni chuma kizuri, kina kaboni kama asilimia 0.6, kinashika matiko, na mapanga mengi mazuri yametoka humo. Lakini kromiamu, ile inayozuia kutu, mara nyingi haifiki humo hata asilimia moja. Kisu hicho kiishi Nachingwea, sawa, kitavumilia kikipakwa mafuta. Kiweke Shangani au Mikindani, huko pwani ya Mtwara, upepo wa chumvi usiku kucha, uone kama hakitavaa joho la kutu kabla mwenyewe hajarudisha la kukodi. Kata mabibo nacho: ile asidi ya bibo inakigeuza kijivu hapo hapo, na embe linalofuata lina ladha ya msumari.

Kwa mtu wa pwani, chuma chenye kromiamu kuanzia asilimia 13 hivi. 440C ina asilimia 16 hadi 18 na kaboni kama moja. 14C28N ya Sweden ina 14, inanoleka kirahisi kwa kinoo cha kawaida. Fundi aseme ametia matiko mpaka wapi kwa kipimo cha ugumu cha Rockwell: 58 hadi 60 panafaa. Chini sana makali yanalala, juu sana yanameguka ukigusa mfupa wa samaki. Na stenlesi nayo siyo kinga ya mbinguni. Chumvi ikikaa kwenye bawaba bila kuoshwa, hata stenlesi inatobokatoboka vishimo vidogo, tena mahali usipopaona.

Kuna na lile la mawimbi, Damascus, ambalo mjomba ameliona kwenye simu ya mtoto wa jirani. Linapendeza, halikataliwi. Ila mara nyingi ni vyuma viwili, 1095 na 15N20, vimeunganishwa motoni vikakunjwa, na vyote viwili vinashika kutu. Mawimbi yenyewe yanatokeza kwa kuchovywa kwenye asidi. Mengine yamechorwa juu juu tu kwenye chuma cha kawaida; ukipiga msasa kidogo mahali pamoja kisha ukapaka asidi tena, mawimbi ya kweli yanarudi, ya kuchorwa yamekwenda zake na bahari inabaki shwari.

Yote hayo ni kelele za pembeni. Kinachonikera mimi ni kwamba mjomba atabishana chuma saa nzima na hataikagua bawaba hata dakika moja. Kisu cha kukunja ni bawaba kwanza, kisu baadaye. Chuma kibovu kitakupa kazi ya kunoa. Bawaba mbovu au loki mbovu itakufungia makali juu ya vidole.

Kabla ya kumalizia hela, kikunjue. Shika ncha, tikisa kushoto kulia, halafu juu chini. Kikicheza kushoto kulia, pengine ni skrubu ya bawaba tu imelegea: izungushe kidogo sana, kama sehemu ya nane ya mzunguko, kisha jaribu tena, maana ukiikaza kupita kiasi bapa haliendi. Bisibisi yenyewe ni ya nyota ndogo, T6 au T8. Usihangaike madukani, mafundi simu wanazo. Kikicheza juu chini ukiwa umefunga loki, kirudishe. Hilo halikazwi kwa bisibisi.

Kama loki ni ya bati la ndani, yaani lile bati linalochomoka na kujibana nyuma ya bapa, tazama limeshika wapi. Kisu kipya kinatakiwa kishike kama robo mpaka nusu ya upana wa kisigino cha bapa. Likigusa pembeni tu, litateleza. Likiwa limevuka lote mpaka ukuta wa pili, basi limeshaisha kabla ya kuanza kazi, kwa sababu jinsi linavyolika ndivyo linavyozidi kusogea, na hapo halina pa kusogea. Loki ya mgongoni, ile ya kubonyeza nyuma ili kufunga, ni imara, ila mchanga ukiingia kwenye lile pengo lake haikai mpaka mwisho. Unadhani imefunga kumbe imeazima. Kuijaribu, sukuma mgongo wa bapa kwa kiganja, taratibu, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Siyo kukipigiza kwenye meza mbele ya watu, mjomba. Hiyo inaua loki nzima.

Kikunje sasa. Bapa lilale katikati, lisiguse bati upande wowote, na ncha izame ndani, usiisikie ukipitisha kidole juu. Vile visivyo na loki, vinavyoshikwa na springi ya mgongo tu, vina ugonjwa wao: ukiviachia vijifunge kwa nguvu, makali yanagonga springi na kupata pengo mahali palepale kila siku. Fundi mzuri ameshaliacha nafasi hapo. Fundi mwingine atakuambia, "Ndiyo mlio wake huo, mzee."

Ulizia na kilichomo ndani ya bawaba. Beringi za gololi zinafanya kisu kifunguke kama kimepakwa sabuni, na vijana wanazipenda hizo kwa kuchezea. Halafu mchanga wa Msimbati unaingia, kinaanza kusaga. Washa za shaba nyeusi ni nzito kidogo kufunguka lakini zinavumilia uchafu. Mabati ya ndani yawe titani, ambayo chumvi haina habari nayo, au stenlesi. Yapo mafundi wanaoweka bapa la stenlesi na mabati ya chuma cha kawaida, ukafurahia uso huku mbavu zinaoza.

Haya, mpingo. Hapa mjomba anavimba, na ana haki, maana mpingo ni wa kwetu. Vipo vijiji vya Kilwa ambavyo misitu yake ilipata cheti cha FSC, kile cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na huko duniani wanapulizia klarineti za mti huu. Lakini wazo lake la kufunga kipande cha mpingo kwenye bahasha na kumpelekea fundi wa ng'ambo aliache. Jamii ya Dalbergia, ambamo mpingo umo, karibu yote imo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu Januari 2017, na mbao ghafi bila kibali zitakwama forodhani. Tena mpini ukichongwa na kukaushwa kwenye nchi yenye hewa kavu, ukirudi pwani unavuta unyevu na kuvimba. Waulize wenye Opinel, kile kisu cha Ufaransa cha tangu 1890: mpini wake wa mti ukilowa, bapa linabanwa halitoki mpaka ukauke.

Njia ya akili ni kuagiza kisu chenye mashavu, yaani vibao vya pembeni vya mpini, ya kufungwa kwa skrubu, kije na mashavu yoyote, halafu mchongaji wa hapahapa atengeneze ya mpingo. Vibao viwili vya milimita 4 hadi 5, vimekauka kivulini miezi kadhaa, ncha zimepakwa nta zisipasuke. Anaweka shavu la zamani juu, anachora, anatoboa matundu hayohayo, anazamisha vichwa vya skrubu. Mpingo mbichi utasinyaa na kuacha bati likichungulia kama meno. Kama ni wa kubandika, ajue mti huu una mafuta: aufute kwa asitoni, alikwaruze bati kwa msasa, ndipo apake ile gundi ya mirija miwili. Avae barakoa, vumbi lake linawasha.

Na aupime kwanza. Mpingo unazama majini. Kipande kikielea, hicho ni mti mweupe uliopigwa kiwi ya viatu.

Maandishi sasa. Mjomba ameleta karatasi: "Hongera sana mpwa wetu kwa kuhitimu Astashahada ya Ufundi, kutoka kwa wajomba zako wote wa Tandahimba na Masasi, Mungu akutangulie." Bapa la sentimita 8, herufi za milimita 3, zinaingia ishirini na ushee. Mpwa atapata "Hongera sana mpwa wet". Jina na mwaka, mzee, na viandikwe kwenye kile kipande cha chuma cha kichwa cha mpini. Tahajia ya jina itoke kwenye cheti cha kuzaliwa. Ile ya kwenye kadi ya mchango iliandikwa na kamati.

Usikipeleke ndani ya ala ya ngozi wala kukiacha siku zote kwenye sanduku lenye mahameli; vyote vinatunza unyevu na kisu kinaoza kikiwa kimependeza. Na mpwa akipandishwa ndege kwenda chuo, kisu kiende kwenye begi la kupakia chini, kisikae mfukoni, la sivyo atapewa pole na maofisa wa ukaguzi na kisu kitabaki Mtwara.

Siku yenyewe ikifika, MC atakipokea, atakikunjua bila kuuliza, ataking'arisha kwenye taa, na kabla mhitimu hajakigusa atatangaza kwamba kitafungua keki. Krimu itaingia kwenye bawaba mpaka kwenye washa. Kioshwe usiku huohuo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kikifunguliwa na kukunjwa mara kadhaa humo humo, mpini wa mpingo usiloweke, kifutwe, kipigwe upepo, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kila upande wa bawaba. Siyo mafuta ya nazi, yataganda. Asipofanya hivyo, asubuhi sukari imekauka, kisu hakifunguki, na mjomba ameshapiga simu kwa fundi kudai hela yake.